Waraka wa Kitabu cha Lita

KWA: Wanachama wote, yaani wenye magari, madereva, maskwodi (madereva wa kupokezana) na makanga
KUTOKA: Katibu wa chama
KUH: Kupima na kupunguza hewa ya kaboni inayotoka kwenye magari yetu

Wazee wetu abagaka, akina mama wenye magari, ndugu madereva na vijana wa mlangoni,

Waraka huu ni mrefu kuliko ule wa sare na ule wa leseni. Naomba usomwe kwenye kila stegi yetu, kuanzia mjini Kisii hadi Keroka, Nyamira, Ogembo na Suneka, na asiyesoma asomewe bila kuchekwa.

Kamati imekubaliana kwamba kuanzia mwezi ujao kila gari la chama litakuwa na kitabu cha lita. Ni daftari la kawaida, la aina anayopewa mtoto wa shule. Ndani yake mtaandika mambo matatu: kilomita zilizosomwa kwenye dashibodi, lita zilizonunuliwa, na abiria waliobebwa. Kutokana na hayo matatu, mtu yeyote aliyefika darasa la sita anaweza kusema gari lake limetoa kilo ngapi za hewa ya kaboni kwa mwezi. Hatuhitaji mtaalamu wa kutoka Nairobi.

Swali la kwanza nalijua, maana lilishaulizwa mkutanoni kwa sauti kubwa: sisi wa Kisii na Nyamira tumeuchafulia ulimwengu nini? Afrika nzima hutoa kama asilimia 4 tu ya hewa hiyo duniani. Mkenya wa kawaida, tukigawanya sawa kwa watu wote, anahesabiwa chini ya nusu tani kwa mwaka. Mmarekani anahesabiwa kama tani 14. Aliyeuliza alikuwa na haki, na sitamjibu kwa kumtisha. Wala sisemi kwamba kila mvua ya mawe inayochana majani chai kule Nyansiongo imeletwa na magari yetu ya Probox. Ninachosema ni kwamba hewa hiyo haitoki bila mafuta kuungua, na mafuta hayaungui bila mtu kuyalipia. Kilo ya kaboni iliyopungua ni pesa iliyobaki mfukoni. Kama ulimwengu utafaidika pia, na ufaidike.

Twende kwenye hesabu yenyewe. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 za kaboni dayoksaidi, ndiyo hewa ya kaboni tunayoizungumzia. Lita moja ya dizeli hutoa kama kilo 2.7. Mzee mmoja alikataa katakata. Alisema lita ya petroli haifiki hata kilo moja, itazaaje kilo mbili? Ni swali zuri kuliko mengi tunayoulizana kwenye mikutano yetu, kwa hiyo nalijibu hapa mbele ya wote. Lita ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi, na katika hizo kama gramu 640 ni kaboni. Ndani ya injini, kila chembe ya kaboni hushikana na chembe mbili za oksijeni zilizovutwa kutoka hewani kupitia chujio. Oksijeni hiyo ndiyo nzito: kwa kila uzito wa 12 wa kaboni huongezeka uzito wa 32 wa oksijeni, jumla 44. Kwa hiyo kinachotoka kwenye ekzosi kina uzito mara tatu na zaidi ya kaboni iliyoingia. Tangi linatoa sehemu ndogo tu, na hewa ya Kisii inaongeza iliyobaki.

Na hewa hiyo ya kaboni haionekani. Hili nalitilia mkazo kwa sababu wengi wetu tunadhani gari lisilofuka moshi halitoi kitu. Moshi mweusi wa dizeli ni masizi, ishara kwamba mafuta hayaungui vizuri, na una madhara yake kwenye mapafu ya watu wa stegi. Lakini gari safi kabisa, lililotoka Mombasa juzi, linalotoa pumzi isiyo na rangi wala harufu, bado linatoa zile kilo 2.3 kwa kila lita. Huwezi kuichuja kwa kitambaa wala kuizima kwa dawa ya kumwagia tangini. Njia ya kuipunguza ni kupunguza lita tunazochoma kwa kazi ile ile.

Sasa, lita zinapimwaje? Hapa ndipo mazoea yetu yanatuangusha. Sisi hatununui lita, tunanunua shilingi. Dereva anasimama kwenye pampu na kusema, "Weka ya elfu moja." Elfu moja si kipimo. EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na mafuta, hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi, nayo huanza kutumika tarehe 15, na elfu ile ile iliyokufikisha Keroka na kukurudisha wiki jana huenda wiki hii ikakuacha njiani. Mnakumbuka mwaka wa 2023 petroli ilipovuka Sh200. Soma lita kwenye pampu, chukua risiti, andika.

Mwenye uwezo wa kujaza tangi afanye hivi: ajaze mpaka pampu ijikate yenyewe, aandike kilomita za dashibodi, afanye kazi yake, kisha ajaze tena mpaka pampu ijikate. Lita zilizoingia mara ya pili ndizo alizochoma. Asiyeweza kujaza, na najua ndio wengi, ajumlishe lita zote za mwezi mzima. Mafuta kidogo yaliyobaki tangini mwanzoni na mwishoni mwa mwezi hayataharibu hesabu, kwa kuwa ni machache ukilinganisha na jumla. Ila asijaribu kupima kwa siku moja. Atapata majibu ya ajabu na kuja kunigombeza.

Tuchukue mfano wa Probox inayokwenda kilomita 180 kwa siku na kumaliza lita 15. Ni kilomita 12 kwa lita. Lita 15 mara 2.3 ni kilo 34.5 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni kilo 897, karibu tani moja. Kwa mwaka inakaribia tani 11. Kuna uchafuzi mwingine unaotokea kabla mafuta hayajatufikia, kwenye visima, viwandani, melini, kwenye bomba la kutoka Mombasa hadi Kisumu na kwenye malori ya kutoka Kisumu kuja kwetu, nao huongeza kati ya moja ya tano na robo juu ya hizo. Huo hatutauandika kitabuni. Hauko mikononi mwa dereva.

Tani 11 zinatisha mpaka ukumbuke kwamba gari hilo halikubeba dereva peke yake. Gawanya kwa abiria. Kilomita 12 kwa lita ni kama gramu 190 kwa kilomita, nazo zikigawanywa kwa abiria wanne ni chini ya gramu 50 kwa kila mmoja. Mwalimu anayeendesha gari lake peke yake kwenda shuleni, gari la kilomita 10 kwa lita, anatoa gramu 230 kwa kilomita bila wa kugawana naye. Kwa hiyo mtu akiidharau Probox mbele yenu, mwambieni afanye hesabu.

Lakini hapo hapo kuna mtego, na wajanja wameshauona. Wakibebwa watu tisa kwenye gari la watu watano, mgao unashuka zaidi, na dereva anaweza kusimama mbele ya afisa wa trafiki akadai kwamba anaokoa mazingira. Hesabu yake ni ya kweli, na kwa sababu hiyo hiyo kamati imeweka sharti: kitabuni ataandikwa abiria mwenye kiti tu. Waliobanwa katikati ya viti, aliyekaa na dereva kiti kimoja, waliojikunja kwenye buti, hao hawahesabiki. Tumezika watu wa kutosha kwenye barabara hizi. Uzito huo wa ziada pia ndio unaopika breki kwenye miteremko yetu, na gari lililozama nyuma kwa uzito linakula mafuta kila linapopanda.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naamini ni kiini cha waraka huu, na litawaudhi wenye magari kuliko madereva. Katika mpango wetu wa hesabu, dereva anamletea mwenye gari kiasi kilichokubaliwa kila jioni. Mafuta anayatoa yeye kwenye makusanyo. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho chake na makanga. Mwenye gari naye anabeba sevisi: oili, plagi, chujio la hewa, magurudumu, betri. Tazameni kinachotokea. Mwenye gari akichelewesha plagi kwa miezi miwili, anaokoa pesa zake, na petroli ya ziada inayoungua kwa sababu ya plagi mbovu inalipwa na dereva. Mwenye gari hata haijui. Dereva naye akilalamika anaambiwa mbona wenzake hawalalamiki. Hivyo gari linaendelea kunywa, taa ya injini inawaka kwenye dashibodi mwaka mzima, na kuna mahali tumeona imebandikwa karatasi ili isisumbue macho.

Taa hiyo mara nyingi inasema kuna kifaa kinachopima hewa au oksijeni kimeharibika, na kompyuta ya gari, isipojua hewa ni kiasi gani, inamwaga mafuta kwa kubahatisha. Kwenye miinuko ya hapa, ambapo mji wa Kisii wenyewe uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa, kipimo hicho ndicho kinacholinganisha petroli na hewa iliyopo. Kuzima taa si kutengeneza gari.

Kwa hiyo kitabu cha lita kitatiwa sahihi na wawili, dereva na mwenye gari, kila mwisho wa mwezi. Gari lililokuwa linakwenda kilomita 12 kwa lita likishuka hadi 10 bila kubadilisha njia, mwenye gari ndiye wa kwanza kujibu kwenye kamati: sevisi ya mwisho ilikuwa lini? Na ikionekana gari ni zima, basi zamu ya kujibu ni ya dereva. Wazee, msichukulie hili kama kunyang'anywa heshima. Gari ni lenu, lakini mafuta yanayopotea yanatoka kwenye unga wa mtoto wa mtu mwingine.

Upande wa dereva, nianze na milima, kwa sababu ushauri mwingi wa kuokoa mafuta umeandikwa na watu wa nchi tambarare. Gari la tani moja na nusu pamoja na watu wake, kwa kila mita 100 linazopanda kwenda juu, linahitaji karibu moja ya tano ya lita kwa kuinua uzito tu, mbali na yanayotumika kusonga mbele. Kila atokaye bondeni kwenda kwenye kilele cha Manga analipa kodi hiyo. Huwezi kuikwepa. Unachoweza ni kutoilipa mara mbili, na tunailipa mara mbili kila siku, namna hii: gari linapanda kwa kasi yake nzuri, katikati ya mlima mama anapunga mkono, dereva anakanyaga breki, anampakia, kisha anaanza kupanda kutoka sifuri kwa gia ya kwanza huku injini ikilia. Mwendo wote aliokuwa ameununua kwa petroli ameugeuza kuwa joto kwenye breki. Kamati itazungumza na wazee wa vijiji ili vituo vya kupakia viwe kileleni au mahali pa tambarare. Mama atatembea kidogo. Wengi wao hutembea zaidi ya hapo wakienda mtoni. Wagonjwa, wazee na wenye mizigo tutaendelea kuwachukua walipo.

Kushuka ndiko kwenye uongo mkubwa zaidi. Vijana wetu wanaamini kwamba kuweka nyutro kwenye mteremko kunaokoa mafuta. Babu zao walioendesha magari ya kabureta pengine walikuwa na hoja. Probox, tangu ilipoanza kutengenezwa mwaka wa 2002, ina injini ya injeksheni, na injini hizo zikishuka zikiwa kwenye gia, mguu ukiwa umetoka kwenye aksileta, kompyuta hukata petroli kabisa. Magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Ukiweka nyutro, uhusiano huo unakatika, na injini inalazimika kuchoma mafuta ili isizime. Kwa hiyo anayeshuka na nyutro anatumia mafuta zaidi, na juu ya hayo amebakiwa na breki peke yake kumzuia, kwenye mteremko, akiwa na watu, mvua ya alasiri ikinyesha. Shukeni na gia. Wenye otomatiki, shusheni gia moja au mbili. Makanga atakayemwona dereva ameweka nyutro ana ruhusa ya kamati kumwambia, na hatafutwa kazi kwa hilo.

Jambo la stegini ni jepesi kueleza na gumu kuacha. Gari linasubiri abiria huku limewashwa, dereva anapiga resi ili ionekane anaondoka sasa hivi, abiria anaingia haraka, kisha anakaa nusu saa nzima. Injini ya lita moja na nusu iliyosimama inakunywa zaidi ya nusu lita kwa saa, na ukiipiga resi inakunywa zaidi. Tuseme ni lita 0.7. Anayesubiri saa mbili kwa siku kwa jumla amechoma lita 1.4, kwa siku 26 ni lita 36, kilo 84 za hewa ya kaboni, na kwa bei ya Sh180 tuliyoichukua kwa urahisi wa hesabu ni Sh6,480. Gari halijasogea hata mita moja. Nimeuliza sababu, na mara nyingi jibu halihusu abiria. Betri ni mbovu, akizima haitawaka tena. Tumerudi kwa mwenye gari. Nunua betri.

Kuhusu kuzunguka mjini kuokota abiria, kutoka Daraja Mbili hadi Nyanchwa na kurudi, huku foleni ya magari ikiwa haisongi, kamati inakataza. Foleni ya stegi inatosha. Gari likifika zamu yake lijae, liondoke. Anayeona foleni inakwenda polepole alete hoja mkutanoni tuongeze nafasi kati ya magari ya asubuhi na kupunguza yanayorudi matupu saa nne, maana safari ya gari tupu ndiyo mbaya kuliko zote kitabuni: lita zipo, abiria hakuna wa kugawana.

Mwendo kasi nitaupitia upesi. Ukiongeza kasi kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa, upinzani wa hewa unaongezeka kwa zaidi ya nusu. Kidhibiti mwendo cha kilomita 80 tuliwekewa na sheria za Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, mwaka wa 2004, na wengi wetu tulimchukia waziri yule wakati huo. Kwenye mafuta alitufanyia wema. Kuhusu keria, ikiwa haina mzigo ishushwe. Siku za soko, mikungu ya ndizi ikiwa juu, basi ni kazi, tutaandika tu. Upepo wa magurudumu upimwe kila wiki kulingana na maandishi yaliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, wala si kwa kupiga teke. Sitawadanganya kwamba upepo utawatajirisha, maana gurudumu lililopungua kidogo hula asilimia chache tu. Ila ni asilimia za bure, na gurudumu lenyewe litadumu.

Sasa magari yetu ya nyumbani, kwa sababu wengi wa wenye magari ya abiria wana jingine la binafsi, na hapa ndipo ninapoomba nivumiliwe. Tunapoleta maiti kutoka Nairobi kuja kuzika nyumbani, msafara unakuwa mrefu. Kila jamaa mwenye gari anataka gari lake lionekane. Kutoka Nairobi kupitia Narok na Bomet hadi Kisii ni kama kilomita 310. Kwenda na kurudi ni 620. Gari la kilomita 10 kwa lita linachoma lita 62, kilo 143. Wakiwa wawili ndani, kila mmoja ana kilo 71. Basi la watu 50 linalokwenda kilomita 3 kwa lita ya dizeli linachoma kama lita 207, kilo 558, na kila mmoja ana kilo 11. Matatu ya chama ya watu 14 inayokwenda kilomita 9 kwa lita ya dizeli inampa kila mtu kama kilo 13. Marehemu hapungukiwi heshima. Na familia iliyofiwa, ambayo mara nyingi ndiyo inayochangiwa pesa za mafuta ya magari hayo yote, inabaki na kitu cha kuwalisha wageni. Chama kitatoa matatu zake kwa bei ya mafuta na posho ya dereva tu kwa msiba wa mwanachama yeyote atakayekubali kuacha gari lake nyumbani. Mlikuwa na risaga, yaani kazi ya kusaidiana, ya kulima na ya kuvuna. Hii iwe risaga ya safari.

Kuna mwanachama amependekeza tusisumbuke na vitabu, tupande miti tu, hewa ijisawazishe. Kupanda miti ni vizuri. Lakini tukiupa kila mti ukarimu wa kunyonya kilo 20 kwa mwaka, Probox moja ya tani 11 inahitaji miti zaidi ya 500, na miti hiyo iishi miaka mingi bila kukatwa kuwa nguzo. Itapandwa wapi? Sensa ya 2019 ilipata watu 957 kwa kila kilomita mraba katika Kaunti ya Kisii. Shamba la wengi wetu halifiki ekari moja, na nusu yake tayari ni makaburi na mikaratusi. Mikaratusi yenyewe imeshanyonya chemchemi zetu kiasi kwamba Michuki yule yule, alipokuwa waziri wa mazingira mwaka wa 2009, aliagiza ing'olewe kwenye vyanzo vya maji. Tupande miti ya kienyeji kando ya mito kwa sababu ya mito. Hesabu ya ekzosi ilipwe kwenye ekzosi.

Pia wanapita watu wanaoahidi pesa za kaboni kwa vyama kama chetu. Tangu sheria ya mabadiliko ya tabianchi ilipofanyiwa marekebisho mwaka wa 2023, biashara hiyo ina kanuni zake, na mwanachama yeyote asitie sahihi karatasi ya aina hiyo kwa niaba ya chama. Wakija, watakachotaka kuona kwanza ni kumbukumbu za lita na kilomita. Tutakuwa nazo, na tutajua thamani yake kabla hawajatuambia.

Wanaonuia kununua gari jingine wajue kwamba Toyota ilianza kuuza Probox ya haibridi mwaka wa 2018. Sheria hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo angalieni umri wa gari. Uzuri wa haibridi kwetu ni kwamba kwenye mteremko inarudisha sehemu ya nguvu kwenye betri badala ya kuiteketeza yote kwenye breki; kile tulicholipa kupanda, tunarudishiwa kiasi tukishuka. Magari ya umeme mtupu yanafanya hivyo vizuri zaidi. Umeme wa Kenya, kama asilimia 90, unatokana na mvuke wa Olkaria, upepo, jua na maji, pamoja na maji ya mto Sondu yanayozungusha mitambo ya Sondu Miriu na Sang'oro, jumla megawati 81, si mbali na mpaka wa Nyamira. Nairobi mabasi ya umeme yako barabarani tangu 2022. Kwetu, mpaka pawe na pa kuchajia na fundi anayeyafahamu, nisingemshauri mjane auze ng'ombe anunue la kwanza. Haibridi, ndiyo, kwa anayeweza. Kabla ya kulipa, mleteeni fundi wa chama aipime betri.

Utaratibu ni huu. Vitabu vinachukuliwa ofisini kuanzia Jumatatu, mwenye gari mwenyewe aje, asimtume mtoto. Kurasa mbili za mwanzo zimechorwa mistari tayari. Anayeshindwa na kugawanya aandike tu kilomita na lita, karani atamalizia. Vitabu vitasomwa mwisho wa mwezi kwa nambari ya gari, sio kwa jina la mtu, na kwa kila njia peke yake, kwa kuwa si haki kulinganisha gari la Kisii–Suneka na linalopanda kwenda Nyamira. Dereva wa gari litakaloshusha lita zake kwa kila kilomita zaidi ya mengine yote, kwenye njia yake, atalipiwa na chama tangi moja. Gari lisilo na kitabu baada ya mwezi wa kwanza litakaa mwisho wa foleni mpaka lilete.

Chama kimenunua kipimo kimoja cha upepo wa magurudumu kwa kila stegi. Cha Keroka kiko kwa fundi wa pancha aliye karibu na stegi. Atakayekiazima aache kitambulisho, na akirudishe kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Wenu katika kazi,

Katibu wa chama

Nakala: Mwenyekiti, Mweka hazina, Wasimamizi wa stegi zote